Mbuga Chini ya Ziwa

Wanaosoma riwaya za Kiswahili wanamjua Aniceti Kitereza. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akaja kuifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikakaa, ikakaa, mpaka Tanzania Publishing House walipoitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata mzee akafariki. Mimi nimeisoma kama mtu wa ng'ambo. Kwetu ni Nassa, ukingo wa kusini wa Ghuba ya Speke, na Ukerewe iko upande wetu wa kaskazini-magharibi, kwa hiyo kila ukurasa niliusoma kama anayechungulia ua wa jirani. Kitereza alitaka kuhifadhi kila kitu kabla hakijasahauliwa: namna watu walivyooana, walivyolima, walivyotibiana, walivyogombana na wakwe wakapatana. Ni kitabu cha mtu anayeogopa kusahau.

Lakini ziwa lenyewe, katika kitabu kile, lipo tu kama mbingu zilivyopo. Simlaumu. Hadithi nilizolelewa nazo Nassa ni hivyohivyo. Maji yanakasirika, yanameza mtu, yanaficha samaki mwezi mzima, ila hayajawahi kutokuwepo. Wageni nao walilikuta wakaliacha hivyo. Speke aliliona karibu na Mwanza mwaka 1858, Stanley akalizunguka kwa mashua mwaka 1875, wamisionari wakaja wakajenga Nassa, na wote wakaandika upana wake na mawimbi yake. Habari ya umri wake ilichelewa sana, na haikuja kwa kalamu. Ilikuja kwa bomba lililoshushwa kwenye matope.

Mimi habari za mabomba ya aina hiyo nilianza kuzipata mbali kabisa na ziwa. Mwaka 2013 nilikuwa ripota mchanga, gesi ndiyo ilikuwa habari ya nchi, na kama wenzangu wengi nilitumwa kusini. Ukisema "kuchimba" mwaka ule, kila mtu alielewa gesi. Katika kusomasoma ili nisije nikaandika upuuzi, nikakutana na makala za watu waliotoboa ardhi ya Kilwa na Lindi kwa miaka kadhaa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 bila kutafuta gesi wala mafuta. Walikuwa wanatafuta tope la bahari ya zamani. Mradi uliongozwa na Paul Pearson wa Uingereza akishirikiana na shirika letu la petroli, TPDC, na kwenye orodha za waandishi wa makala zile jina la Mtanzania Joyce Singano linajirudia kiasi kwamba nikaanza kulitafuta makusudi kila nikifungua makala mpya.

Hebu nieleze kwa nini tope. Baharini kuna viumbe vya seli moja viitwavyo foraminifera, wadogo kama punje ya mchanga, wanaojijengea gamba la chokaa. Wakifa wanazama, wanalala sakafuni, tope linawafunika, wengine wanalala juu yao, na hivyo kwa mamilioni ya miaka. Gamba linajengwa kwa kile kilichomo majini siku ile. Oksijeni iliyomo ndani yake ina aina nzito na aina nyepesi, na uwiano wa hizo mbili hubadilika na joto la maji. Kwa hiyo ukipata gamba zima, unaweza kupima joto la bahari ambayo haipo tena. Kwa kawaida watu huyatafuta magamba haya kwa meli kubwa. Mwaka 1972 meli ya Glomar Challenger ilipita Bahari ya Hindi magharibi, pamoja na eneo la nje ya pwani ya Kenya, ikitoboa sakafu chini ya maji ya kina kirefu. Shida ni kwamba magamba yaliyolala sakafuni muda mrefu hubadilika, chokaa yake inajiunda upya, na kipimo kinachotoka kinakuwa cha baridi ya sakafu badala ya joto la juu.

Kilwa na Lindi sakafu ya bahari ya kale imeinuka ikawa nchi kavu. Mfinyanzi wake ulikuwa mzito kiasi kwamba maji hayakupenya, na magamba yakabaki yanang'aa kama kioo. Huhitaji meli. Unahitaji mtambo wa kuchimba, gari, na ruhusa ya kijiji. Mwaka 2001, kwa magamba yaliyohifadhika namna hii, yakiwemo ya huku kwetu, Pearson na wenzake waliandika kwamba bahari za tropiki katika zile zama za joto zilikuwa na nyuzi 28 hadi 32 au zaidi, wakati vipimo vya zamani vilikuwa vinasema bahari hizo zilikuwa za ubaridi usioeleweka. Mwaka 2009 wakarudi na hadithi nyingine, safari hii wakipima boroni ndani ya magamba ili kujua hewa ya ukaa ilikuwa kiasi gani Antaktika ilipoanza kufunikwa na barafu, kama miaka milioni 34 iliyopita. Jibu lao lilikuwa karibu sehemu 760 kwa milioni. Leo tumepita 420, tukitokea 280 kabla ya viwanda. Na udongo uliotoa jibu hilo ulitoka karibu na kijiji kinachoitwa Stakishari. Siyo ile Stakishari ya Ukonga, hii ni ya kusini. Niliposoma jina hilo katikati ya Kiingereza kigumu cha makala ya kisayansi nilicheka peke yangu ofisini. Watu wa mahali panapoitwa "sitaki shari" ndio wanaokalia ushahidi wa kuzaliwa kwa barafu ya kusini mwa dunia.

Habari hiyo sikuiandika kamwe. Mhariri alitaka gesi. Lakini swali likabaki kichwani, swali la mtu wa Nassa: na letu je?

Letu lilikuwa limeshatobolewa zamani. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Robert Kendall, alichapisha mwaka 1969 utafiti mrefu wa matope aliyoyatoa Ghuba ya Pilkington upande wa Uganda, akihesabu chavua ya mimea tabaka kwa tabaka, akaonyesha kwamba kuna wakati ziwa lilishuka mpaka likakosa pa kutokea, maji hayakufika tena Jinja. Hiyo tu ilikuwa habari kubwa. Kisha mwaka 1996 Thomas Johnson na wenzake, wakiwemo Waganda, wakachapisha katika jarida la Science kauli ambayo mimi nimeisoma labda mara ishirini. Ziwa Victoria halikushuka tu. Lilikauka lote.

Namna walivyojua ni hii. Kwanza walipiga sauti majini na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka ndani ya mashapo. (Mashapo ni neno zuri, lile la machicha yanayotuama chini ya mtungi wa pombe, wanasayansi wetu walifanya vizuri kulichukua.) Mwangwi ulionyesha kwamba chini ya tope laini kuna uso mgumu, na uso huo unaendelea mpaka sehemu yenye kina kuliko zote. Kama lingebaki hata dimbwi la maana katikati, pale pangekuwa na tope la dimbwi hilo. Halikuwepo. Halafu wakashusha bomba. Ni bomba refu lenye uzito juu, linaning'inizwa kwa waya kutoka kwenye chombo, likikaribia sakafu linaachiliwa lianguke lenyewe lizame kwenye tope, na ndani yake kuna pistoni inayozuia tope lisishindiliwe. Likivutwa juu, limejaa. Kinachotoka sijaona kwa Kiswahili jina lake lililotulia. Mimi nakiita mche, kama mche wa sabuni, kwa sababu ndivyo kilivyo: kipande kirefu unachoweza kukikata popote ukajua ni sabuni ileile. Mche hukatwa vipande, kila kipande hupasuliwa katikati kwa urefu kama unavyopasua muhogo. Nusu inawekwa akiba isiguswe, nusu inafanyiwa kazi.

Na mche wa ziwa letu unasomeka hivi kutoka juu. Juu kabisa ni uji. Halafu tope laini la kijani-kijivu, limejaa maji na vigamba vya dayatomu, yaani mwani wenye ganda la kioo. Tope hilo, hata sehemu za kina, halizidi mita kumi hivi. Halafu ghafla bomba linagonga kitu kigumu. Kikavu, kizito, chenye nyufa za wima na vijizizi vya majani. Kaboni 14 na vipimo vilivyofuata vinaweka ukame huo kati ya miaka kama 17,000 na 15,000 iliyopita.

Vijizizi. Katikati ya ziwa lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, chini ya maji ya mita karibu sabini, kuna mizizi ya majani yaliyoota juani.

Sababu yake si fumbo sana ukishajua kitu kimoja ambacho sisi wa ufukweni hatukijui. Sisi tunadhani ziwa linajazwa na mito, Simiyu na Mbalageti na Kagera na mingineyo. Ukweli ni kwamba karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayoanguka juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa inayotoka inapaa na jua. Ni sahani pana yenye kina cha mita themanini na kitu, basi. Wakati wa ukame ule barafu ilikuwa inavunjika na kuelea Atlantiki ya Kaskazini, mikondo ya bahari ikavurugika, na mvua zikatukimbia. Ziwa Tana la Ethiopia nalo likakauka. Nile Nyeupe ikakosa maji yetu. Kisha mvua zikarudi. Giulia Wienhues na wenzake, waliofanya kazi kwenye michache ya mwaka 2018 iliyotolewa upande wa Tanzania, wanasema kati ya miaka 14,000 na 13,000 iliyopita sehemu ile ilitoka kuwa nchi kavu, ikawa tindiga, ikawa ziwa, na ziwa likajaa mpaka likamwagika Jinja. Kwa hesabu za mawe hiyo ni kufumba na kufumbua.

Baba mdogo hakupata habari hizi kwa makala. Alizipata kwangu, mwaka 2020, tukiwa tumekaa juu ya mabati yake.

Inabidi nieleze mabati. Mwaka 2006 nikiwa sekondari, maji yalirudi nyuma sana. Ukame, na huko Jinja maji yaliyoachiliwa kwa ajili ya umeme, hivyo ndivyo ilivyoelezwa. Kwetu tulichokiona ni shamba jipya. Pale palipokuwa na matete pakawa na udongo mweusi wa bure, na kila mwenye jembe akaingia. Baba mdogo alilima mpunga, ukakubali, akalima tena, na baada ya miaka michache akajenga. Nyumba ya vyumba vitatu, matofali ya tope yasiyochomwa, bati za geji ndogo. Haikuwa ndani ya ziwa. Ilikuwa mbali na maji kiasi cha kumchosha mtoto aliyetumwa ndoo.

Mwezi Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya mwaka 1964. Ukilinganisha na 2006, ziwa lote lilikuwa limepanda karibu mita tatu. Kwenye mwinuko hiyo si kitu; kwenye ufuko wa Nassa, ambao ni kama meza, ni mamia ya mita. Tulikimbilia mabati, milango na madirisha. Kuta tuliziacha. Matofali ya tope ukiyalowesha hayaanguki kwa kishindo, yanalainika tu kuanzia chini, kama biskuti kwenye chai, na asubuhi moja unakuta pamebaki vilima viwili vya uji mweusi na mawimbi yanapita juu yake.

Basi mabati yakawekwa chini ya mwembe kwa bibi na sisi tukayakalia. Suala la ukoo lilikuwa moja: anajenga wapi, na nani anachangia. Baba mdogo alitaka palepale. Hoja yake haikuwa ya kijinga. "Maji yalikuja sitini na moja mpaka sitini na nne," alisema, "babu yako akahama. Yakarudi nyuma, watu wakashuka. Sasa yamekuja, yatarudi. Mimi nikipaacha, nani atapachukua?" Halafu akanigeukia. "Wewe si umesoma, mwandishi. Yatarudi au hayarudi?"

Nikamsimulia mche. Nilijua halikuwa jibu la swali lake, lakini ndicho nilichokuwa nacho. Nilipofika kwenye lile tabaka gumu, jeusi, lenye nyufa za wima na mizizi, hata sikumaliza.

"Hiyo ni mbuga," akasema.

Kwa msomaji asiye wa huku, neno hili lina sura mbili. Kiswahili cha redioni mbuga ni uwanda wa wanyama. Usukumani ni udongo. Wazee wana majina ya udongo kwa mpangilio wa mteremko: juu kwenye miamba kuna luseni, mchanga mwepesi, unashuka unapita itogolo, chini kabisa bondeni ndiyo mbuga, mweusi, mzito, unaovimba ukinyeshewa na kupasuka nyufa za kuingia mguu kiangazi. Maofisa kilimo wa kikoloni waliyachukua majina hayo kwenye taarifa zao kwa sababu walikuta yanaeleza ardhi vizuri kuliko ya kwao. Baba mdogo hajawahi kuona picha ya mche. Ila alisikia nyufa, rangi na mizizi, akautambua udongo kwa jina wakati mimi nilikuwa nimehangaika na istilahi za Kiingereza miaka saba.

Na sura ile nyingine ya neno nayo inafaa. Lango la Ndabaka la Serengeti lipo hapo jirani tu, Lamadi, hatua chache kutoka ziwani. Ndiyo mwisho wa mbuga, tunavyojua. Miaka 16,000 iliyopita haukuwa mwisho. Majani yaliendelea, yakashuka kwenye ghuba, yakapita Ukerewe ambayo ilikuwa vilima vitupu, yakaenda. Kisiwani Rusinga, Kenya, wachimbaji wamepata mifupa ya Rusingoryx, ndugu wa nyumbu mwenye pua ya ajabu aliyekwishatoweka, mnyama wa nyika iliyo wazi, pahali ambapo leo unazungukwa na maji. Hiyo ni ya nyuma zaidi, ziwa lilipokuwa limepungua wakati mwingine, maana halikupungua mara moja tu. Nilimwambia baba mdogo kwamba nyumbu huenda walipita juu ya mahali anapotega nyavu. Hili alilipenda. La mchango akawa bado anangoja.

Niseme kidogo kuhusu samaki, kwa sababu huko ndiko ugomvi ulikoenda, na mimi napenda ugomvi wa wasomi kuliko mipira. Ziwa Victoria lina, au lilikuwa na, aina zaidi ya 500 za furu, wale wadogo ambao tukiwa watoto tuliwavua kwa ndoano ya pini. Hazipatikani kwingine. Kama ziwa lilikauka lote, aina zote hizo zimezaliwa ndani ya miaka kama 15,000, mwendo ambao wanabiolojia hawajauona sehemu nyingine kwa wanyama wenye uti wa mgongo. Geoffrey Fryer, aliyewajua samaki wa maziwa haya vizuri sana, alikataa katakata na akaandika hivyo tena na tena: kwake muda hautoshi, kwa hiyo lazima ziwa halikukauka lote. Samaki wanabisha, matope yanasema. Mwaka 2017 vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba furu hawa wametokana na mchanganyiko wa koo mbalimbali za mito zilizokutana, kwa hiyo waliingia wakiwa na mtaji mkubwa wa tofauti. Na mwaka 2023 Nare Ngoepe wa Chuo Kikuu cha Bern, pamoja na wenzake akiwemo Mary Kishe wa taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, walichapisha kazi ya uvumilivu wa kutisha: waliyachuja matope ya michache ile wakachambua meno ya samaki. Meno, madogo kama vumbi, kwa maelfu, kutoka siku ziwa linajaa mpaka leo. Furu hawakuwahi kuliko wengine wala hawakuwa wengi zaidi mwanzoni. Walifika na wenzao. Ila ziwa lilipopata kina, wenzao wengi hawakuweza, wao wakaweza.

Wakaweza mpaka sangara alipoletwa miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 aliwamaliza kwa mamia ya aina. Babu yangu aliwajua furu kwa majina ambayo mimi sina, na nikimuuliza baba mdogo anataja matatu, manne, anakwama. Hapa ndipo Kitereza ananirudia. Sina hakika kama kuna mtu aliyeandika majina hayo ya huku Nassa. Meno yao yapo kwenye tope kwa mpangilio, tarehe kwa tarehe. Majina hayapo popote.

Michache yenyewe haipo kwetu. Mingi ya matope ya maziwa ya Afrika Mashariki inatunzwa Marekani, Minnesota, na mingine Ulaya, kwenye vyumba vya ubaridi wa friji ili isikauke wala kuota ukungu. Wapo watakaosema ni wizi. Mimi sioni hivyo. Chumba cha kuwekea matope kwa ubaridi uleule miaka hamsini bila umeme kukatika kinahitaji bajeti ambayo tungeanza kugombania kabla hakijapakwa rangi. Kinachoniuma ni kingine. Yote niliyowaeleza hapa nimeyasoma kwa Kiingereza, na mtoto wa Nyashimo anayemaliza darasa la saba leo atafundishwa kwamba Ziwa Victoria ni la kwanza kwa ukubwa Afrika, atachora ramani yake, atapata vema, na hatasikia kwamba lilikuwa mbuga. Neno "mashapo" atakutana nalo kwenye jiografia kama neno la kukariri.

Turudi kwenye mchango. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema shughuli za kudumu zisifanyike ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Niliitaja kikaoni. Baba mdogo akauliza, "Ukingo upi?" Kimya. Kwa sababu alipoijenga nyumba yake ilikuwa halali kabisa kwa kipimo cha futikamba, na mwaka 2020 ukingo ulikuwa nyuma ya choo chake. Sheria imeandikwa na mtu anayeamini ziwa lina ukingo. Mche unaonyesha lina kingo nyingi, nyingine ziko katikati ya maji na nyingine huenda ziko barabarani, kwenye lami ya Mwanza–Musoma.

Lakini mche hauwezi kumwambia mtu ajenge wapi mwaka huu, na hili nilimwambia wazi. Tope linatuama kama nusu milimita kwa mwaka. Maisha yote ya baba mdogo, tangu azaliwe mpaka siku tuliyokaa juu ya mabati, ni kama sentimita tatu. Kupanda kwa 1964, kushuka kwa 2006, kupanda kwa 2020, vyote vimo ndani ya unene wa vidole viwili, tena ile sehemu ya juu ambayo ni uji, ambayo bomba likigonga kwa nguvu inatawanyika na kupotea, mpaka watafiti wanaoitaka walazimike kushusha chombo kingine chepesi kwa taratibu. Yaani wakati wetu ndio unaomwagika kirahisi kuliko zote.

Nilichosema mimi kikaoni ni kwamba natoa bati ishirini na saruji mifuko kumi, kwa sharti kwamba anajenga juu, kwenye luseni, upande wa barabara. Shangazi alisema nina kiburi cha mshahara. Inawezekana. Kaka yangu aliunga mkono, bibi akanyamaza, na bibi akinyamaza kwetu jambo limepita. Baba mdogo alikubali kwa neno moja nusu: sawa, ila mpunga analima chini kulekule, maji yakirudi. Yalirudi kidogo mwaka 2022, akalima. Mwaka 2024 yakapanda tena, akavuna nusu kwa mtumbwi.

Anakaa juu sasa. Jioni anashuka kukagua nyavu, na anajua mahali nyumba ilipokuwa kwa kupima na mwembe wa bibi na kilima cha ng'ambo. Akipita hapo huzima injini. Juzi nilimpigia simu nikamwambia kwamba kuta zake zile tayari ni mashapo kama mashapo mengine, zimelala juu ya mbuga. Akafikiri. "Basi hao wenye bomba wakija tena," akasema, "waambie watoboe pale."

Nikamwambia pale hapafai. Hakuna kina, mawimbi yanakoroga tope kila siku, juu inakuwa chini na chini inakuwa juu, hapasomeki. Wao wanatafuta pale palipotulia, mbali, kwenye maji marefu.

"Haya," akasema, na akaniuliza kama ile hela ya misumari nimeshatuma.